Hati ya Kony na Meza ya Juba

Mpatanishi yeyote anayekaa leo na mkuu wa waasi anayetafutwa na mahakama ataulizwa swali moja kabla ya mengine: nikiweka bunduki chini, mtanifanya nini? Katika mazungumzo ya Juba, kati ya serikali ya Uganda na waasi wa Kony, swali hilo lilizungukwa kwa karibu miaka miwili, tangu 2006 hadi 2008, bila kujibiwa waziwazi. Gharama ya kulizunguka ililipwa mbali na Juba, mbali na Kampala na The Hague. Ililipwa Doruma, Faradje na Bangadi, kaskazini mashariki mwa Kongo, na watu ambao hakuna aliyewahi kuwauliza kama wanataka haki itangulie au amani itangulie. Ninaisimulia habari hii sasa kwa kuwa meza zinatandikwa tena kwa ajili ya Kongo na kwa ajili ya Sudan, na waendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, iliyoko The Hague, wanakusanya ushahidi katika nchi hizo hizo.

Vita vyenyewe vilikuwa vya zamani. Yoweri Museveni aliingia madarakani Januari 1986, na mwaka uliofuata Joseph Kony, kijana wa Odek karibu na Gulu, alikwisha kuwa na kundi lake msituni. Kundi hilo, lililokuja kujulikana kwa jina la LRA, lilidai linawapigania Waacholi. Lakini Waacholi ndio waliokatwa midomo na masikio, ndio waliochomewa nyumba, na watoto wao ndio waliofungwa kamba na kuswagwa porini kufanywa askari na wake wa makamanda. Usiku mmoja wa Oktoba 1996 waasi waliingia shule ya wasichana ya Mtakatifu Maria, Aboke, wakaondoka na wasichana 139. Sista Rachele Fassera, naibu mkuu wa shule, aliwafuata kwa miguu pamoja na mwalimu mmoja, akarudi na 109. Thelathini walibaki mikononi mwa waasi.

Serikali nayo iliwaondoa watu vijijini na kuwasonga kambini, ikisema ni kwa usalama wao. Kufikia 2005 watu wapatao milioni 1.8 wa kaskazini mwa Uganda walikuwa wameyahama makazi yao. Uchunguzi wa Wizara ya Afya ya Uganda na Shirika la Afya Duniani mwaka huo ulikadiria kwamba katika wilaya za Waacholi pekee vifo vilizidi kiwango cha kawaida kwa karibu 1,000 kila wiki. Jua likizama, maelfu kwa maelfu ya watoto walitoka vijijini na kambini wakatembea hadi mjini Gulu na Kitgum kulala varandani, makanisani na vituo vya mabasi ili wasitekwe usiku. Yeyote anayetaka kuhukumu ni nani alikuwa na haraka ya amani na ni nani angeweza kusubiri haki, aanze na hesabu hiyo ya kila wiki.

Na kulikuwa na fundo jingine ambalo watu wa mbali waliona shida kulielewa. Aliyekuja usiku kuua mara nyingi alikuwa mtoto wa kijiji hicho hicho, ametekwa miaka michache nyuma, amelazimishwa kuua jirani au hata ndugu ili asiweze tena kurudi nyumbani. Mama mmoja angeweza kuwa na mtoto aliyezikwa na mwingine aliyeshika panga. Ndiyo maana viongozi wa dini wa Acholi, Askofu Mkuu John Baptist Odama akiwa mbele yao, walipigania sheria ya msamaha iliyopitishwa mwaka 2000. Mpiganaji alitoka, akakabidhi bunduki, akala kiapo cha kuachana na uasi, akapewa cheti na vitu vichache vya kuanzia maisha. Maelfu walitoka kwa njia hiyo. Machifu nao walikuwa na njia zao: kukanyaga yai mlangoni mwa nyumba kwa anayerudi, na mato oput, ambapo koo mbili zilizotengwa na damu hukutana, ukweli ukasemwa, fidia ikalipwa, kisha pande zote zikanywa maji machungu ya mzizi wa mti wa oput.

Sitaki kuipamba mato oput kuliko inavyostahili. Iliundwa kwa ajili ya koo zinazojuana, na muuaji anayekubali kusema nilimuua fulani. Haikuundwa kwa kamanda aliyeua mamia, wala haikuwahusu Walango, Wateso na Wamadi, ambao nao walichinjwa na hawakuwa na desturi hiyo. Ila ilikuwa kitu hai, chenye watu waliokiamini. Wageni wengi waliipita kana kwamba haipo, na wengine wakaisifu kana kwamba inatosha.

Kabla ya sheria ya msamaha nafasi moja ya amani ilikwisha kupotea. Mwaka 1993 waziri Betty Bigombe, mwenyewe Mwacholi, alianza kuwasiliana na Kony kwa barua, kisha akaenda kukutana naye porini bila silaha. Januari 1994 walikaa uso kwa uso Pagik. Mwezi uliofuata Museveni akatangaza hadharani kwamba waasi wana siku saba kujisalimisha. Mazungumzo yakafa, na Khartoum ikampokea Kony kwa silaha na kambi. Nalitaja hili kwa sababu anayedhani ni mahakama ya The Hague iliyovuruga amani ya Uganda anasahau kwamba miaka 11 kabla ya hati yoyote ya kukamatwa, tangazo moja la rais lilitosha kuivuruga.

Desemba 2003 serikali ya Uganda ndiyo iliyoipelekea Mahakama ya Kimataifa ya Jinai suala la LRA. Ilikuwa kesi ya kwanza kupelekwa na nchi mwanachama katika historia ya mahakama hiyo changa. Januari 2004 mwendesha mashtaka Luis Moreno-Ocampo alisimama London pamoja na Museveni kulitangaza. Kwa mtu wa kambini Pabbo au Kitgum, hilo lilieleweka kwa namna moja tu: mahakama imekuja kama mgeni wa upande mmoja. Jeshi la serikali lilikuwa na madhambi yake kaskazini, na hadi leo hakuna ofisa wake aliyeshtakiwa The Hague. Hakimu anaweza kuwa mwadilifu kabisa, lakini akionekana ameshuka kwenye gari la mmoja wa wenye kesi, itamchukua miaka kuaminiwa. Machi 2005 viongozi wa Acholi walisafiri hadi The Hague kumsihi mwendesha mashtaka asiharakishe, maana Bigombe alikuwa amerudi porini na simu za wakuu wa waasi zilikuwa zinapokelewa. Julai hati zikatolewa kwa siri, na Oktoba 2005 zikawekwa wazi. Zilikuwa tano: Joseph Kony, Vincent Otti, Raska Lukwiya, Okot Odhiambo na Dominic Ongwen. Kony peke yake alibebeshwa mashtaka 33.

Je, hati hizo zilikuwa kosa? Nimelifikiria swali hili kwa muda mrefu na jibu langu ni hapana. Mtu aliyeteka watoto kwa makumi ya maelfu hawezi kuwa na haki ya kuambiwa kwamba dunia haina jina la alichofanya. Tena hati zilikuwa na kazi yake. Tayari Januari 2005 vita vya kusini mwa Sudan vilikwisha kwa mkataba, na Kony akaanza kukosa mahali pa kujificha. Baada ya hati, hata Khartoum iliona aibu kumhifadhi waziwazi. Mwishoni mwa 2005 alianza kuhamishia watu wake hifadhi ya Garamba, Kongo, na mwaka uliofuata akakubali kuzungumza. Kudai kwamba hati ndizo zilizomsukuma mezani ni kuzidisha. Kudai kwamba hazikuwa na mchango ni kukataa kuona.

Kosa lilikuwa katika yale yaliyofuata. Mahakama ya The Hague haina polisi. Inaandika hati na kungoja nchi zikamate. Januari 2006 askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Guatemala waliingia Garamba kuwakabili LRA, na 8 kati yao wakauawa. Katika miezi iliyofuata hakuna nchi iliyoonyesha hamu ya kwenda kumkamata Kony. Hati ikabaki na nguvu ya kumzuia asitoke, bila nguvu ya kumtoa.

Katika hali hiyo Riek Machar, makamu wa rais wa Sudan Kusini, alikutana na Kony porini Mei 2006. Kanda ya video ilionyesha akimkabidhi dola 20,000 na kumsihi anunulie chakula, asinunulie risasi. Mazungumzo yakafunguliwa Juba tarehe 14 Julai. Ujumbe wa Uganda uliongozwa na Ruhakana Rugunda, mtu mtulivu na mvumilivu. Ujumbe wa LRA ulijaa watu wa ughaibuni, wengi wao hawakuwahi kuishi na Kony porini na hawakuweza kumwamuru lolote. Kony na Otti hawakufika Juba. Wangefikaje, na hati ziko juu yao?

Siku chache kabla ya kikao cha kwanza Museveni alisema atampa Kony msamaha kamili akikubali amani, mahakama iwepo isiwepo. Hapa ndipo ninapoona mzizi wa maafa yote. Rais aliyeiita mahakama aliahidi kitu ambacho hakikuwa tena chake. Chini ya Mkataba wa Roma, ulioiunda mahakama hiyo, nchi iliyopeleka kesi haiwezi kuifuta kwa kauli ya mkuu wake. Kesi inaweza kuondoka The Hague kama majaji wenyewe wataridhika kwamba nchi inaiendesha kweli nyumbani. Au Baraza la Usalama linaweza, kwa Ibara ya 16, kuisimamisha kwa miezi 12, muda unaoweza kuongezwa tena na tena kwa kura nyingine. Basi. Ofisi ya mwendesha mashtaka ilisema wazi kwamba hati zinasimama. Kony aliyekuwa na redio alisikia kauli zote mbili, na mtu mwenye shaka kama yeye aliamini ile iliyomtisha.

Hata hivyo Juba ilizaa matunda, na ni dhambi kuyasahau. Makubaliano ya kusitisha mapigano yalitiwa saini tarehe 26 Agosti 2006. Kaskazini mwa Uganda bunduki zikanyamaza. Watoto wakaacha kutembea usiku kwenda mjini. Kidogo kidogo watu walianza kutoka kambini, kwanza kwenda shambani asubuhi na kurudi jioni, kisha kusimika kibanda karibu na kiwanja cha zamani, kisha kuhamia moja kwa moja. Utulivu huo haujavunjwa na LRA hadi leo. Ulipatikana bila saini ya mwisho, kwa sababu watu walizungumza na kundi lenye hati tano shingoni. Wale waliosema ni mwiko kuketi na watuhumiwa waende Gulu wakaone.

Juni 2007 pande zote zilikubaliana juu ya uwajibikaji na maridhiano: Uganda itaunda mahakama yake ya kushughulikia makosa makubwa, na mila kama mato oput zitakuwa na nafasi. Kiambatisho cha Februari 2008 kilitaja kitengo maalumu cha Mahakama Kuu. Kwenye karatasi ilikuwa kazi nzuri, pengine nzuri kuliko mikataba mingi ya Afrika. Lakini fundo lilibaki pale pale. LRA walisema: hati ziondolewe kwanza, ndipo tutasaini. Kampala ikasema: saini kwanza, ndipo tutaliomba Baraza la Usalama lizisimamishe. Yaani Kony atoke porini, avue silaha, kisha angoje kuona kama wakubwa wa New York watampa miezi 12, na mwaka ukiisha aombewe tena. Aliyemtazama Charles Taylor wa Liberia, aliyeondoka madarakani Agosti 2003 kwa ahadi ya hifadhi Nigeria na kukabidhiwa mahakamani Machi 2006, hakuhitaji kuambiwa ahadi za namna hiyo huishia wapi. Taylor alistahili kushtakiwa, sina shaka. Ila kila mbabe wa vita barani aliisikia habari yake.

Walioketi Juba walijua. Wapatanishi walijua, Joaquim Chissano wa Msumbiji aliyetumwa na Umoja wa Mataifa alijua, wanasheria walijua. Lakini kila mmoja aliona ni afadhali swali gumu lisogezwe mbele, mazungumzo yaendelee, hali ya hewa isichafuke. Mwisho walifika kwenye siku ya kusaini wakiwa na mkataba ambao mtu aliyesubiriwa kuutia saini hakuwa ameelezwa utamfanya nini.

Oktoba 2007 Kony alimuua Vincent Otti, naibu wake, mtu aliyeibeba sauti ya mazungumzo upande wa waasi. Hapo ilifaa kila mtu asimame na kujiuliza. Hawakusimama. Tarehe 10 Aprili 2008 wazee, machifu, maaskofu na wanadiplomasia walikuwa Ri-Kwangba, mpakani mwa Sudan na Kongo, wakimsubiri Kony aje kusaini. Hakuja. Alileta ujumbe akitaka kuelezwa mato oput na ile mahakama maalumu zitafanyaje kazi pamoja. Baada ya karibu miaka miwili ya vikao, mtuhumiwa mkuu alikuwa anauliza swali la siku ya kwanza. Mwezi Mei walisubiri tena. Novemba wakasubiri tena.

Pengine asingesaini hata akijibiwa. Kuna wanaoamini Kony hakuwa na nia kabisa, kwamba Juba kwake ilikuwa chakula na mapumziko, maana wakati wa mazungumzo mashirika yalimpelekea chakula Ri-Kwangba ili watu wake wasipore. Ushahidi upo wa kutosha upande huo. Machi 2008, mazungumzo yakiwa hai, watu wake walivamia Obo, Jamhuri ya Afrika ya Kati, wakateka watu zaidi ya 50. Septemba walivamia Duru na Kiliwa, Kongo, wakachukua watoto shuleni. Lakini hata kama Kony alikuwa anadanganya, jibu la wazi mapema lingemfunua mapema. Kuficha jibu kulimpa yeye miaka miwili ya kujitetea kwamba bado anangoja ufafanuzi.

Uvamizi wa Obo na Duru unaniuma kuliko sehemu nyingine ya habari hii, kwa sababu unaonyesha mazungumzo yalikuwa yanahesabu amani ya nani. Sauti zilizotafutwa zilikuwa za Waacholi, na ilikuwa haki zitafutwe. Zilifanyika semina, tafiti, mikutano ya hadhara: mnataka amani au haki? Wakati huo huo wenyeji wa Haut-Uele, Kongo, Wazande wengi wao, waliishi na LRA mlangoni mwao na hakuna meza iliyokuwa na kiti chao. Utulivu wa Gulu ulipatikana kwa Kony kuwa Garamba. Garamba si msitu mtupu. Pembeni mwake kuna Dungu, Faradje, Duru, kuna parokia, shule, mashamba ya mihogo na karanga.

Tarehe 14 Desemba 2008 subira ya Kampala iliisha. Ndege na helikopta za Uganda zilipiga kambi za Kony Garamba, kwa makubaliano na Kongo na Sudan Kusini, na kwa msaada wa Marekani katika mipango. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, ndege zikachelewa, Kony akawa ameondoka. Hakuna kikosi kilichowekwa kulinda miji midogo iliyozunguka hifadhi, ingawa kila aliyeifahamu LRA alijua inavyolipiza kisasi. Siku ya Krismasi watu wa Faradje walikuwa kwenye tamasha na wengine wako makanisani. Waasi walifika. Huko Batande, karibu na Doruma, waliwakuta watu kwenye chakula cha sikukuu, wakawafunga na kuwaua kwa marungu na mashoka, wakihifadhi risasi. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu zaidi ya watu 865 waliouawa katika wiki chache hizo, na watoto wasiopungua 160 waliotekwa. Desemba ya mwaka uliofuata, eneo la Makombo, waliuawa wengine wasiopungua 321.

Anayesoma hadi hapa anaweza kusema: basi, wakati wa vita mahakama ingoje nje. Kongo ilijaribu njia hiyo. Bosco Ntaganda, kamanda wa waasi mashariki mwa nchi, alikuwa na hati ya kukamatwa tangu 2006, ikawekwa wazi Aprili 2008 kwa makosa ya Ituri. Novemba 2008 wapiganaji wa kundi la waasi la CNDP, yeye akiwa mkuu wao wa kijeshi, waliua watu wapatao 150 Kiwanja. Januari 2009 alijitenga na Laurent Nkunda, kiongozi wa CNDP, akatangaza vita vimekwisha, na akapokewa katika jeshi la taifa akiwa jenerali. Kinshasa haikuficha kwamba imechagua amani ya mashariki kuliko kumkamata. Makubaliano yakasainiwa Machi 23, na Goma ikamwona jenerali huyo mikahawani na kwenye uwanja wa tenisi, mbele ya askari wa Umoja wa Mataifa. Watu waliokuwa na makovu yake walipishana naye barabarani. Aprili 2012, alipohisi serikali inataka kumgusa, aliasi pamoja na wenzake, na kundi jipya likachukua jina la tarehe ya makubaliano yale: M23. Novemba mwaka huo waliteka Goma. Baada ya kundi kugawanyika, Ntaganda mwenyewe aliingia ubalozi wa Marekani Kigali, Machi 2013, akaomba apelekwe The Hague. Alihukumiwa miaka 30. M23 ilirudi, na Januari 2025 ikateka Goma tena.

Kwa hiyo Juba walikuwa na hati bila jibu, na Goma walikuwa na jibu moja tu, vyeo. Pande zote mbili waliolipa ni raia. Ninachodai kwa wapatanishi wa leo ni kitu kigumu lakini kinachowezekana. Kabla ya kualika upande wowote mezani, wakae na waendesha mashtaka na wakubaliane nani ana mamlaka ya kusema nini kuhusu hati, kisha aambiwe mhusika kwa lugha anayoielewa, siku ya kwanza. Rais asiahidi msamaha ambao si wake. Makamanda wachache watenganishwe mapema na maelfu waliowafuata au waliotekwa, ili mlango wa kurudi nyumbani usifungwe kwa ajili ya majina matano. Uganda ilikwisha kuonyesha kwamba hilo linawezekana: sheria ya 2000 iliwatoa wengi porini hata hati zilipokuwapo. Na ikiwa tarehe ya mwisho imewekwa, basi kabla ya tarehe hiyo wawepo walinzi katika kila kijiji ambacho aliyekataa kusaini anaweza kukifikia kwa miguu.

Mahakama nayo ina la kujifunza, na kesi ya Dominic Ongwen inalibeba. Alitekwa akiwa mtoto mdogo akienda shule, akalelewa na LRA, akapanda hadi kuongoza kikosi. Alijitokeza Afrika ya Kati Januari 2015, akapelekwa The Hague. Februari 2021 alikutwa na hatia ya makosa 61, na Mei akahukumiwa miaka 25. Majaji walisema wazi kwamba walipunguza adhabu kwa sababu ya utoto wake. Februari 2024 waliamuru fidia kwa waathirika wanaokadiriwa kufikia 49,772, euro 750 kila mmoja kama ishara, pamoja na miradi ya kuwaponya watu. Ongwen hana mali, hivyo fedha zinategemea mfuko wa mahakama na wachangiaji. Ile mahakama iliyozaliwa na karatasi za Juba pia ilifanya kazi: Gulu, mwaka 2024, Thomas Kwoyelo, aliyekamatwa Garamba 2009, alihukumiwa miaka 40. Lukwiya aliuawa vitani 2006. Odhiambo naye amekufa.

Anabaki Kony. Septemba 2025 majaji wa The Hague walisikiliza mashtaka 39 dhidi yake bila yeye kuwapo, mara ya kwanza kwa mahakama hiyo, na Novemba wakayathibitisha. Kesi yenyewe haiwezi kuanza mpaka apatikane. Mashtaka hayo ni ya kaskazini mwa Uganda, kati ya Julai 2002 na Desemba 2005. Faradje, Doruma, Bangadi, Makombo na Obo hazimo.